Salamu Zilizokula Dirisha

Usiku wa jana niliota rimoti ya televisheni yangu imeniletea wito. Ilikuja kwa miguu, ikabisha hodi kama mtu aliyelelewa, ikangoja niikaribishe, kisha ikanikabidhi karatasi na kuniambia nisome mwenyewe. Yenyewe haikuwa na nguvu za kusoma. Ina betri moja tu, ile nyingine niliichomoa mwezi wa nne nikaiweka kwenye saa ya ukutani.

"Nilikuwa nimepanga kuirudisha," nikasema.

"Tumesikia," ikajibu rimoti.

Karatasi iliandikwa hivi: Nakijwa binti Elikunda, fika mara moja Ofisi ya Zamu za Kuamka, ueleze kwa nini wewe na baba yako hamuwi macho kwa wakati mmoja. Njoo na kalamu.

Nilikasirika. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, sikimbizwi na rimoti. Lakini sisi Wapare tunajulikana. Tukisikia kuna kesi mahali, hata kama ni ya jirani, miguu inatangulia kabla kichwa hakijakubali. Nikajifunga kanga ya pili, nikaifuata.

Ngoja nikueleze hiyo kesi tukiwa njiani, maana kule ndotoni kila mtu alikuwa anaijua isipokuwa wewe.

Kuna bwana mmoja anaitwa Shempemba, fundi wa majokofu hapa Korogwe. Yeye ni mgane, mimi ni mjane wa mwaka wa kumi na moja. Tumekubaliana. Barua ya posa ilishapanda mlimani kwa baba yangu, huko kwetu Upareni, na kilichobaki ni neno moja la baba, ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, Jumamosi hii mjomba wake Shempemba anapanda kwenda kukamilisha mambo. Sasa mjomba huyo ana goti bovu. Msambaa ni mtu wa milima, lakini goti halina kabila. Shempemba ameniambia wazi: "Mama, bila neno la mzee, mjomba hapandi. Na asipopanda Jumamosi, masika inaanza, ile barabara haipitiki mpaka mwezi wa saba." Mwezi wa saba, jamani! Nina miaka arobaini na tisa, nimeshangoja vya kutosha.

Utaniuliza kwa nini simpigii baba nikamwuliza. Ninampigia! Nyumbani kwake mtandao haufiki. Inabidi apande mpaka kwenye jiwe moja juu ya shamba la migomba, na kwa kuwa hana umeme, simu yake huizima Jumapili mpaka Jumapili ili kulinda chaji. Huiwasha baada ya ibada, saa kumi kasorobo, akakaa juu ya jiwe mpaka saa kumi na dakika mbili, halafu huzima na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nafanya kazi kiwanda cha mikate. Jumapili natoka saa kumi kamili, na kabla ya hapo simu zetu zote zinakaa kwenye ndoo ya msimamizi, tangu simu ya mwenzetu mmoja ilipotumbukia kwenye unga ikaokwa. Kwa hiyo baba na mimi tuna dakika mbili kwa wiki. Meseji baba hasomi. Neno la posa amesema halipiti kwa jirani, litatoka mdomoni mwake. Na kubipu hataki hata kusikia, anasema ni kugonga mlango wa mtu na kukimbia.

Jumapili tatu sasa nimepiga. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo. Za huko? Za kazi? Mikate inatoka? Majirani hawajambo? Nami narudisha, za shamba, za ng'ombe, za kanisani. Halafu baba anaanza: "Hapa wote wazima, isipokuwa yule mbuzi mwenye jicho..." Tii, tii, tii. Imekatika. Mara tatu zote imekatikia kwa mbuzi.

Basi tukafika ofisini. Ilikuwa ndani ya kiwanda chetu cha mikate, isipokuwa pale penye tanuri palikuwa na mlima, na kila mtu alikuwa anauzunguka kwenda kunawa mikono.

Mapokezi kulikuwa na mnara wa simu. Uliketi kwenye kiti cha plastiki, magoti yamegusa kidevu, kichwa kimetoboa bati, taa nyekundu inawaka na kuzima huko juu. Nikauamkia, maana kitu kirefu namna ile huwezi kukisia umri wake.

"Shikamoo."

"Marahaba," ukasema mnara. Kisha ukatazama pembeni na kusema, "Nipo."

"Naona upo."

"Sikuambii wewe. Nawaambia wao. Nipo."

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wenye madirisha madogo madogo, mengi kuliko ya shule yoyote niliyowahi kuiona. Ndani ya kila dirisha kulikuwa na kifaa kimelala. Simu, redio za walinzi, kengele za milango, saa za mkononi, spika ya kwaya, ile nyeusi isiyo na waya, imejifunika kitambaa cha madhabahu. Wote wanakoroma kwa adabu.

"Hawa wagonjwa?" nikauliza.

"Wazima kabisa. Kifaa kikikesha mchana na usiku betri inaisha, na ikiisha ndiyo basi. Kwa hiyo kila mmoja analala. Baada ya muda anafungua dirisha kidogo, anasikiliza kama anatafutwa. Hakuna anayemtafuta, anafunga, analala tena. Mimi kazi yangu ni kusema nipo, ili wote wahesabu kuanzia mahali pamoja. Nipo."

"Na wawili wakitaka kuongea?"

"Madirisha yao yafunguke pamoja."

"Yasipofunguka pamoja?"

"Watakaa ukuta mmoja miaka ishirini, kila mmoja anasema mwenzake ni bubu." Mnara ukashusha sauti. "Hata kupendana hakusaidii. Tumejaribu."

Nikauambia mimi si kifaa, mimi ni mwoka mikate. Mnara ukaitazama rimoti. Rimoti ikaja nyuma yangu, ikabonyeza mahali fulani shingoni, pale penye kifungo cha gauni.

"Sasa una zamu kama wenzako," ikasema. "Utaamka kidogo kidogo. Usiogope."

Ninafumba macho. Ninafumbua. Niko getini kwangu, jua la saa nne linachoma. Mjomba wa Shempemba amesimama nje na mkongojo, goti amelifunga kitenge. Anabonyeza kitufe cha kengele yangu, ile ya kisasa niliyoinunua kwa kiherehere, kitufe getini na kengele sebuleni, kati yao hakuna waya.

"Mjomba! Umekuja lini?"

"Jumanne," anasema mjomba.

Ninatazama kitufe. Kimelala. Ninachungulia sebuleni. Kengele nayo imelala. Mara vyote viwili vinafumbua macho kwa pamoja, na mimi nashika moyo kwa furaha.

"Hujambo kengele?" kinasema kitufe.

"Sijambo kitufe. Habari za tangu majuzi?"

"Njema tu. Za ndani?"

"Za ndani salama, vumbi kidogo. Za getini?"

"Getini tunamshukuru Mungu. Za jikoni huko, birika halijambo?"

"Halijambo, lilikuulizia. Haya, kwema lakini?"

"Kwema. Sasa, kuna mge..."

Madirisha yanafungwa. Vyote viwili vinakoroma.

"Ndivyo wanavyofanya tangu Jumanne," anasema mjomba. "Watoto wenye adabu sana."

"Mjomba, si ungeniita tu kwa sauti?"

"Kabla ya neno la mzee mimi bado mgeni. Mgeni hapigi kelele kwa watu."

"Na mimi mlima sipandi kwa kubahatisha," linasema goti kutoka ndani ya kitenge.

Ninataka kulijibu goti, na jibu ninalo, jibu zuri kabisa. Ninafumba macho.

Ninafumbua. Kikao kimeanza. Tuko kwenye ukumbi wa kanisa la kwetu, ila viti vimeelekezwa mlangoni. Mnara umelala chali kwenye ukumbi wote na kichwa chake kiko kwa mchungaji, jirani. Vifaa vimekaa kwenye mabenchi. Rimoti inasoma ajenda, na ajenda ni mimi.

"Binti Elikunda," mnara unaniita kutoka huko kwa mchungaji. "Umeona lililoko getini kwako. Useme."

Nikasimama. Hapo ndipo hasira zangu zote za Jumapili tatu zilipotoka.

"Ninyi wote hapa mna wazimu," nikasema. "Mnalala, mnaamka, mnapata nafasi ndogo kama tone, halafu mnaitumia kuuliziana hali za birika! Mtu yuko getini tangu Jumanne! Mimi nangoja neno moja la kuolewa, naletewa jicho la mbuzi! Salamu zifutwe. Dirisha likifunguka, mtu aseme shida yake. Basi."

Jamani, ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Spika ya kwaya ikavuta kitambaa chake ikajifunika uso. Redio ya mlinzi ikanong'ona, "Huyu ameletwa na nani?"

Simu yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa jasho langu, ikasimama kunisema. "Mimi nalala naye chumba kimoja, kwa hiyo naogopa kusema. Lakini mama, fikiria. Ni ujumbe gani duniani unaokuja bila salamu? Ni ule wa 'ile hela itume kwenye namba hii.' Asiyesalimia ni tapeli. Ndivyo tunavyowatambua."

Wakapiga makofi. Nikaiambia simu tutaonana nyumbani.

"Tusibishane," ukasema mnara. "Ajaribu. Kabla ya Jumamosi nina nafasi ya kukulinganishia madirisha mara mbili na baba yako. Mbili tu, binti. Ukizichezea, shauri yako na la mjomba na la goti lake. Ya kwanza hii hapa. Nipo!"

Ninafumba macho, ninafumbua. Niko chini ya jiwe. Ukungu umekaa migombani, harufu ya udongo wa kwetu imenijaa puani. Baba yuko juu ya jiwe na koti lake la ibada, simu yake ndogo ameitoa kwenye mfuko wa nailoni, ameiweka sikioni. Dirisha liko hewani kati yetu, la mbao, lina pazia la maua. Linafunguka.

"Unakubali Shempemba anioe, ndiyo au hapana?" nikasema kwa pumzi moja.

Baba akaitoa simu sikioni akaitazama, akairudisha.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi!"

"Mimi nani? Mwanangu ana adabu, huanza na shikamoo." Baba akatikisa kichwa kwa huzuni. "Loo, matapeli wamefika hata huku juu. Na hadi la Shempemba wanalijua." Akazima simu, akaifunga nailoni, akateremka kwenda kukata majani.

Nikarudi ukumbini nimeinamisha uso. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililouma. Kengele yangu ya mlango ilikuja kuniletea kiti.

Nilikaa pale nikahesabu nilichobakiza: dirisha moja. Nikiingia na salamu, litafungwa kwa mbuzi. Nikiingia bila salamu, baba hanijui. Niliogopa kweli. Nilimwona Shempemba amekaa na majokofu yake mpaka mwezi wa saba, na nilijua vilevile kwamba si kila mtu anayesubiri mpaka mwezi wa saba hufika huko bado anasubiri. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na wanaume je?

Mlangoni nikauona ule mlima wa kiwandani, uliokuwa umekaa mahali pa tanuri. Kwa sababu ulikuwa mahali pa tanuri, nikawaza mambo ya tanuri. Nikasimama tena.

"Samahani wazee," nikasema. "Mimi ni mwoka mikate. Tanuri likishawaka hatukandi unga. Unga unakandwa jana, unaumuka usiku, asubuhi tanuri linapokea mkate uliokwisha kuwa mkate. Sasa ninyi, na mimi, na baba, tunakanda unga ndani ya tanuri. Salamu ni unga. Zisifutwe. Zikandwe jana."

"Jana tunakuwa tumelala," ikasema redio ya mlinzi.

"Mtu aliyelala hawezi kuongea. Lakini kubipu anaweza. Bipu moja, shikamoo. Bipu moja ya kurudi, marahaba. Bipu mbili, wa nyumbani wazima, ng'ombe na kuku ndani. Dirisha likija kufunguka, tumeshasalimiana mpaka tumechoka."

Wakanong'onezana. Spika ya kwaya ikafunua uso. Mnara ukavuta kichwa chake kutoka kwa mchungaji, ukakiingiza ukumbini kwa shida, ukanitazama kwa taa yake.

"Waraka ni nusu ya kuonana," ukasema. "Bipu tuseme ni robo. Kikao kinakubali?"

Kikao kikakubali, isipokuwa goti, ambalo lilisema litakubali likiona.

Basi mnara ukaanza kuzituma. Kwa kuwa tulikuwa kiwandani tena, kila bipu ilitoka ikiwa andazi, la moto, likashuka mezani likashika njia ya mlimani kwa miguu yake. Tukasimama mlangoni kuyaaga. La kwanza lilikuwa shikamoo. Baada ya muda likarudi limeng'atwa upande mmoja tu, na nikajua ni marahaba ya baba, maana upande wa pili hana meno. Yakaenda mawili ya nyumbani, yakarudi mawili. Likaenda moja la kumwulizia yule mbuzi peke yake, kwa heshima. Lilirudi limeng'atwa masikio.

"Tayari," ukasema mnara. "Hili ndilo la mwisho. Nipo!"

Ninafumbua macho. Niko juu ya jiwe, nimekaa ubavuni mwa baba, mabega yanagusana, na bado kila mmoja ana simu sikioni. Dirisha linafunguka wazi. Pazia la maua linapepea.

Hatusalimiani. Tumeshamaliza. Dakika mbili nzima zimekaa mbele yetu tupu, na sikujua kwamba dakika mbili ni ndefu hivyo. Baba anakohoa. Mimi natengeneza kanga.

"Yule mbuzi..." anaanza baba.

"Baba, mbuzi tumeshamsalimia. Andazi la nne."

"Eh. Kweli."

"Baba. Unakubali Shempemba anioe?"

Baba alitazama chini bondeni, kule barabara inakopita, akaitazama kwa muda mrefu kuliko barabara yenyewe.

"Kabla ya barua hii," akasema, "mara ya mwisho ulinipigia lini?"

"Krismasi, baba."

"Krismasi gani?"

Sikuikumbuka ni gani.

"Mimi naikumbuka," akasema. "Kila Jumapili napanda hapa, nawasha simu, nakaa robo saa, nazima, nashuka. Tangu barua ije umenipigia Jumapili tatu mfululizo. Ya kwanza nilikuwa nimeshakubali kabla hujapiga. Shempemba nimemwulizia, ni mtu mzuri, na makande yetu anakula. Lakini nikawaza, nikimwambia mwanangu ndiyo, Jumapili ya pili atanipigia kwa lipi? Ndiyo maana nikamleta mbuzi."

"Ana nini huyo mbuzi?"

"Hana kitu. Alipona mwezi wa pili. Anaona kuliko mimi."

Nilisikia aibu na uchungu vyote kwa pamoja. Mimi hapa, mwenye hasira na kitufe cha kengele, na mzee wangu anapanda jiwe kila wiki kufungua dirisha lisilo na mtu. Nilitaka kulia vizuri, kulia kwa kukaa chini, lakini zilikuwa zimebaki sekunde ishirini na pazia lilianza kujikunja.

"Baba, nitapiga kila Jumapili."

"Kuna jambo gani kila Jumapili?"

"Hakuna jambo. Nitapiga bila jambo."

"Bila jambo lolote?"

"Nitaulizia mbuzi."

Baba akacheka, lile cheko lake la zamani la puani, na bega lake likatikisa langu.

"Haya basi, nisikilize kwa makini," akasema, "maana dirisha hili linafungwa na nafasi ya kulitamka lile neno lenyewe sina, kwa hiyo badala ya kulitamka nitashuka taratibu nyumbani, nitavua koti hili la ibada, nitakunywa uji, halafu nitapanda tena hapa nikubipu mara tatu, na japo sijawahi kumbipu mtu tangu nizaliwe, hizo tatu wewe uzihesabu kuwa ndilo neno ulilokuwa unalitaka, umeelewa mwanangu, au nirudie?"

"Baba, si ungesema tu ndi..."

Dirisha likafungwa.

Nilijikuta kitandani kwangu Korogwe, kumekucha, jogoo wa jirani amenyamaza kwa kuchoka. Leo ni Alhamisi. Kanga ya pili ilikuwa kwenye msumari, mahali pake. Rimoti ilikuwa juu ya televisheni, na nilipoichukua nikaifungua, ilikuwa na betri moja. Nikasema, haya, nimekula maharage usiku, yamenipeleka safari.

Nikainjika maji ya chai, nikaenda kuchomoa simu kwenye chaji.

Simu zisizopokelewa: tatu. Baba. Saa kumi na mbili na dakika tano, saa kumi na mbili na dakika sita, saa kumi na mbili na dakika saba.

Nikakaa chini, sakafuni, pale pale. Alhamisi simu ya baba huwa imezimwa, iko ndani ya nailoni, ndani ya kabati. Na baba yangu habipu mtu.

Nikabipu mara moja, nikakata. Nikakaa naitazama. Maji ya chai yalichemka jikoni mpaka yakaanza kuzima jiko, sikuinuka. Simu ikalia mara moja, ikakatika.

Nikampigia Shempemba. Nilimsalimia kwanza, nikamwulizia na majokofu. Ndipo nikamwambia mjomba aanze kulichua goti.

Kazini, kabla sijaweka simu kwenye ndoo, nikamwomba msimamizi Jumapili niwe natoka saa tisa na nusu, niingie mapema kufidia. Akanitazama juu ya miwani akauliza kuna jambo gani.

Nikamwambia hakuna jambo lolote, nataka kumpigia baba.